Nakala ya Karibu, Nakala ya Mbali

Muda mfupi kabla ya saa saba usiku, Machi 10, 2021, moto ulizuka katika kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa. Jengo la ghorofa tano, SBG2, liliteketea lote. Jirani yake, SBG1, likaungua sehemu. Hakuna aliyeumia. Lakini kulipokucha, wapo wateja waliogundua kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa mumo humo ndani ya jengo lililoungua.

Mtu atasema: si wangeweka nakala mbali? Wangeweza, ila umbali una gharama zake, na gharama hizo hazipunguzwi kwa kununua mashine bora. Ndani ya nyaya za faiba, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ujumbe wa kwenda kilomita 100 na kurudi huchukua milisekunde 1. Kutoka Strasbourg hadi Roubaix, yaliko makao makuu ya OVH, ni kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Hapo milisekunde 4 zimeshakwenda, bila kuhesabu mizunguko ya nyaya na vifaa vya njiani.

Kwetu hizo si kitu. Kwa benki ni mzigo, maana diski za kisasa hupokea data kwa muda usiofika hata milisekunde 1. Katika unakili wa sawia, mtambo wa kwanza hauiambii programu kwamba kazi imekwisha mpaka mtambo wa pili nao uthibitishe kuwa umepokea. Kila muamala unasubiri safari nzima. Ndiyo sababu njia hii kwa kawaida hutumika kati ya vituo vilivyo karibu. Njia ya pili ni kuthibitisha kwanza, kisha kutuma mabadiliko nyuma yake. Hiyo huvuka bara bila kumchelewesha mtu, lakini janga likitokea, sekunde au dakika za mwisho hupotea.

Kwa hiyo mashirika makubwa huziunganisha zote mbili. Kituo kikuu hunakili sawia kwenda kituo jirani, na kwa kuchelewa kidogo kwenda cha tatu kilicho mbali. Kikuu kikiungua, jirani ana kila kitu, na humtumia yule wa mbali yale tu aliyoyakosa. Mji mzima ukikumbwa na mafuriko, wa mbali amesalimika.

Sharti moja halikwepeki: kituo cha mbali kionyeshe mabadiliko kwa mpangilio uleule yalivyofanyika. Vinginevyo fedha zinaweza kuonekana zimeingia akaunti ya mpokeaji ilhali hazijatoka kwa mtumaji, na hesabu za benki zikavurugika.

Hata hivyo, unakili hauchagui. Faili likifutwa kimakosa kituo kikuu, linafutika na kwa jirani papo hapo. Dawa yake ni nakala zilizogandishwa kila baada ya muda fulani, zisizoguswa na mabadiliko ya baadaye. Januari 31, 2017, fundi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi misimbo ya programu, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba. Alisitisha amri mara moja, lakini takriban gigabaiti 300 zilishakwenda. Kilichowaokoa ni nakala iliyogandishwa saa kama sita kabla ya ajali, tena iliyochukuliwa kwa shughuli nyingine kabisa.

Nakala zao za kila siku je? Zilikuwa zikishindwa kimyakimya, kwa kuwa toleo la programu ya kunakili halikulingana na la hifadhidata. Barua pepe za kuonya zilitumwa, zikakataliwa njiani. Basi kuchora vituo vitatu kwenye karatasi ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kukizima kituo kikuu kwa makusudi, siku ambayo hakuna janga, na kuona kama biashara inaendelea.