Ziwa Linalojitengenezea Mvua

Mji wa Mwanza uko kusini mwa Ziwa Victoria, digrii 2 na nusu hivi kusini ya Ikweta. Hapa hakuna majira ya baridi kali wala theluji. Mwaka hugawanywa kwa mvua. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, masika kati ya Machi na Mei, na kiangazi hushika kuanzia Juni hadi Septemba, Julai ukiwa mwezi mkavu kuliko yote. Kati ya vuli na masika mvua hupungua, lakini haikatiki kabisa.

Asili ya majira hayo ni mwendo wa jua. Jua la utosini linapohama kutoka kusini kwenda kaskazini na kurudi, ukanda ambamo pepo za kaskazini-mashariki hukutana na zile za kusini-mashariki huhama pamoja nalo. Pepo zikikutana, hewa hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, mvuke wake hugeuka matone, na mvua hunyesha. Ukanda huo hulipitia Ziwa Victoria mara mbili kwa mwaka.

Hata hivyo, maelezo haya peke yake hayatoshi. Bukoba, Mwanza na Musoma ni miji ya ziwa moja, na ukanda huo huipitia yote. Lakini Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Mwanza hupata zaidi kidogo ya 1,000, na Musoma 800 hivi. Tofauti hiyo yatokana kwa sehemu kubwa na ziwa lenyewe.

Mchana na usiku

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ili gramu moja ya maji iongezeke joto kwa digrii moja, huhitaji nishati mara tano hivi ya ile inayohitajiwa na gramu moja ya mwamba. Ndiyo maana majabali ya Mwanza hupata moto upesi mchana na kupoa upesi usiku, hali maji ya ziwa hubaki na joto la digrii 24 hadi 26 hivi mchana na usiku.

Mchana, hewa iliyo juu ya nchi kavu hupata joto na kupanda, na hewa ya ziwani huvuma kuja kushika nafasi yake. Mawingu hujengeka juu ya nchi kavu, na mvua hunyesha alasiri au jioni. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu imepoa kuliko maji. Upepo hutoka pande zote za ufuko kuelekea ziwani, hukutana huko, na kuisukuma juu hewa yenye mvuke mwingi. Mvua za radi huzaliwa hapo, nazo hufikia ukali wake karibu na alfajiri. Pepo zitokazo mashariki huyasogeza mawingu hayo upande wa magharibi. Hii ndiyo sababu migomba na kahawa ya Bukoba hupata maji mengi kuliko mashamba ya Musoma. Ziwa nalo hujirudishia maji yake: asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja.

Kanuni hiyo hiyo hufanya kazi katika nchi za baridi. Mji wa Buffalo, Marekani, uko mashariki mwa Ziwa Erie. Mwanzoni mwa majira ya baridi, upepo wenye baridi kali hupita juu ya maji ambayo bado yana joto, huchukua mvuke, na kuumwaga nchi kavu ukiwa theluji. Novemba 2022, Orchard Park, kusini ya Buffalo, ilifunikwa na theluji ya mita 2 hivi kwa siku chache tu.

Hatari kwa wavuvi

Elimu hii ina uzito wa uhai. Wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga wa taa. Saa zao za kazi ndizo saa za dhoruba, na mtumbwi ulio mbali na ufuko hauna pa kukimbilia. Utafiti ulioongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba dhoruba kali za usiku ziwani hutanguliwa mara nyingi na mvua kubwa za radi nchi kavu mchana wa siku hiyo. Ulionyesha pia kwamba dhoruba kali zaidi zitaongezeka kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Kwa hiyo mawingu mazito ya alasiri juu ya nchi kavu ni onyo la kuzingatiwa, pamoja na utabiri unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Jambo la kufanya shuleni

Wanafunzi wanaweza kulihakiki jambo hili kwa kipimamvua. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi na saa 12 jioni, na mvua ya usiku iandikwe mbali na ile ya mchana. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Baada ya masika moja, shule ya Bukoba na shule ya Musoma zikibadilishana madaftari yao, wanafunzi wataona kwa tarakimu zao wenyewe jinsi ziwa linavyogawa mvua.