Je, Wajua? Maji ya Sanje Huweza Kugeuka Hariri

Maporomoko ya Sanje, katika Milima ya Udzungwa, yanashuka takriban mita 170. Ukiyapiga picha, shata ya kamera ikifunguka kwa sekunde 1/1000, kila tone huganda hewani. Ikikaa wazi nusu sekunde, maji huonekana kama hariri. Mkono hautulii kiasi hicho, kwa hiyo tumia stendi au iweke kamera juu ya jiwe. Siku ya mawingu ndiyo nzuri, maana jua kali hulifanya povu liwe weupe mtupu. Mangabi wa Sanje, kima wa milima hiyo aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979 tu, anataka subira zaidi: hutafuta chakula chini, kwenye kiza cha msitu. Chuchumaa, lenga macho yake. Mnaotumia simu? Futeni lenzi kwanza; manyunyu hufika mbali.