Mipango si Matumizi: Somo Kutoka Pwani ya Makunduchi

Makunduchi iko kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja. Wakati wa bamvua maji hupwa yakaenda mbali sana, na hapo ndipo kina mama wa pwani hiyo hushuka kutafuta riziki. Leo twataka kuwaeleza habari zao, kwa maana kila mwenye duka, cherehani au mazao ya kuuza aweza kujifunza kwao namna ya kubadili biashara pasipo kuiua.

Tangu zamani kina mama hao walifukia makumbi ya nazi pwani, wakayaacha yaoze miezi mingi, wakayafukua, wakayaponda, wakasokota kamba za usumba. Kazi nyingi, fedha kidogo. Kisha mwaka 1989, katika vijiji vya jirani vya Paje na Jambiani, kilianza kilimo cha mwani wa kuuzwa ng'ambo, kikaenea pwani ile. Mbegu ilitoka Ufilipino. Mwani hufungwa kwenye kamba, kamba ikavutwa kati ya vijiti viwili vilivyokitwa mchangani. Baada ya majuma sita hivi huvunwa, ukaanikwa, ukauzwa. Viwandani hutolewa ute wa kufanya vyakula na dawa ya meno viwe vizito.

Kwa nini kazi hiyo ilishika upesi? Kwa sababu haikuwataka watu waache kila walichokijua. Saa za kazi zilikuwa zile zile za maji kupwa, na kamba na mafundo walivijua toka utoto. Anayeanzisha jambo jipya yafaa alijenge juu ya yale watu wanayoyaweza tayari.

Lakini maji yakijaa hupwa. Mwani unaopandwa ni wa aina mbili: kotonii, wenye bei kubwa, na spinosamu, wenye bei ndogo. Tangu miaka ya 2000 kotonii ulianza kufa, kwa kuwa maji ya kina kifupi yalizidi joto. Mama aliyenunua sare na madaftari ya watoto kwa fedha ile akabaki na mwani wa bei ndogo tu.

Wataalamu walitoa shauri: kotonii upandwe kwenye maji ya kina, penye ubaridi. Shauri jema. Lakini tazameni: nani ataogelea? Kina mama wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Tena mashua itatoka wapi? Hapo ndipo mipango mingi ya biashara huzama. Kabla ya kamba na mbegu, sharti watu wafundishwe kuogelea na wapate vyombo.

Ikapatikana njia ya pili. Mwaka 2006 Dk. Flower Msuya, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, alianzisha umoja wa kuwakutanisha wakulima wa mwani na wataalamu. Kina mama wakajifunza kusaga mwani uwe unga, na kuutia katika sabuni. Kikundi kimoja cha Kidoti, kaskazini mwa Unguja, kinaitwa Tusife Moyo. Jina lenyewe ni fundisho! Spinosamu wa bei ndogo, ukitiwa katika sabuni, huleta fedha zaidi kuliko ukiuzwa mkavu kwa gunia.

Basi, baba na mama mnaoendesha biashara nyumbani, mkitaka kubadili jambo, fanyeni hivi. Kwanza, jaribuni kwa sehemu ndogo, na kazi ya zamani iendelee kuwalisha. Pili, mwulizeni yule atakayeitenda kazi kwa mikono yake: wakosa nini? Kama hajui kuogelea, anzeni hapo. Tatu, kila mtu apewe kazi yake: mmoja apime, mmoja afunge, mmoja auze, mmoja ashike daftari. Nne, wekeni siku ya kuhesabu pamoja, kama kina mama wanavyongojea bamvua. Siku hiyo faida isemwe, na hasara isifichwe.

Watu husema mipango si matumizi. Leo jioni, baada ya chakula, ketini pamoja mwulizane: kesho asubuhi nani atafanya nini? Mkikosa jibu, msitoe fedha kwanza. Rudini mkashauriane tena.