Muwasho Usiokwisha: Mabadiliko ya Ngozi Yanayotangulia Saratani ya Vulva (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye shingo ya kizazi na kirusi cha HPV. Leo tunatoka nje kidogo, mahali ambapo hata wahudumu wa afya hupapita haraka: vulva, yaani mashavu ya uke, makubwa na madogo, kisimi na ngozi inayovizunguka.

Saratani ya vulva si ya kila siku, na aghalabu haizuki ghafla. Huwapo kipindi ambacho seli za tabaka la juu la ngozi zimeshaharibika lakini hazijapenya kwenda chini. Mabingwa wamebishana miaka mingi namna ya kuyapanga mabadiliko hayo. Mwaka 1986 waliyagawa katika madaraja matatu, mwaka 2004 wakalifuta daraja la kwanza, na mwaka 2015 wakakubaliana mpango unaofuatwa sasa. Mgonjwa hana haja ya kukariri hayo. Anachopaswa kujua ni kwamba njia kuu ziko mbili, na hatari zake zimepishana mno.

Njia ya kwanza ni ya HPV, hasa aina ya 16. Huwapata zaidi wanawake ambao bado hawajazeeka, wavutaji wa sigara, na wenye kinga dhaifu wakiwamo wanaoishi na VVU. Mabaka yake huwa yameinuka, meupe, mekundu au meusi, na mara nyingi hujitokeza sehemu zaidi ya moja.

Njia ya pili haina uhusiano na HPV, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kwa kawaida huanzia kwenye ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi. Hauambukizi wala hauletwi na uasherati (naliandika hili makusudi, maana wapo bibi wanaoficha muwasho kwa kuogopa kusemwa). Hushika sana wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Ngozi hugeuka nyeupe na kukunjamana kama karatasi ya sigara, huchanika kwa urahisi, mashavu madogo husinyaa hadi kutoweka, na mlango wa uke hubana. Muwasho huwa mkali usiku, mpaka mtu anajikuna usingizini.

Wengi wenye ugonjwa huo hawafikii saratani. Kwa jumla ni chini ya 5 katika 100. Lakini seli zikishaanza kuharibika juu ya ngozi hiyo, hesabu hugeuka. Mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi, nchi yenye kumbukumbu za maabara za taifa zima, walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya 1,100 wenye mabadiliko tangulizi. Katika miaka 10, waliopata saratani kwenye kundi la HPV walikuwa kama 10 katika 100. Kwenye kundi la pili walikadiriwa kufikia 50. Na mabadiliko ya kundi hili ndiyo yenye alama hafifu: kijibaka kigumu, ngozi inayokwaruza, kidonda kidogo kisichopona. Hata chini ya hadubini humchanganya mtaalamu.

Sasa mwanamke mwenye muwasho huu akienda duka la dawa atapewa nini? Dawa ya fangasi. Isipofaa, nyingine. Mwaka unakatika na hakuna aliyemtazama.

Kipimo cha kuutambua ugonjwa si kikubwa. Ngozi hutiwa ganzi, daktari hukata kinyama cha milimita chache kwa kifaa chenye mdomo wa duara, kikatumbukizwa kwenye formalini na kupelekwa maabara. Ni kazi ya dakika chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Mabadiliko ya HPV hukatwa, huunguzwa kwa leza, au hupakwa krimu ya imikwimodi, ambayo wengine wanaijua kwa kutibu masundosundo. Ya kundi la pili hukatwa yote, bila kungoja. Katika makundi yote mawili ugonjwa una tabia ya kurudi, hivyo kliniki haiishi. Likeni sklerosasi yenyewe hutulizwa kwa klobetasoli, dawa ile ile ambayo wengine huipaka usoni ili wawe weupe na kuishia kuharibika ngozi. Ikitumiwa mahali pake kwa maelekezo ya daktari, ni mkombozi. Australia waliwafuatilia wanawake 507 wenye ugonjwa huu: miongoni mwa waliotumia dawa bila kukatiza hakuna aliyepata saratani ya vulva, na miongoni mwa waliotumia kwa kurukaruka walipata karibu 5 katika 100.

Chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, itapunguza njia ya kwanza. Njia ya pili haiigusi. Kwa maoni yangu kampeni zetu zimemsahau mwanamke wa miaka 65, ambaye haendi tena kliniki ya uzazi na hana anayemwita kupimwa.

Kwa hiyo muuguzi, kabla hujaingiza kifaa cha kupimia shingo ya kizazi, tazama kwanza nje. Nawe msomaji, ikiwa mama au shangazi yako ana muwasho uliopita wiki sita licha ya dawa, asinunue tyubu nyingine. Mpeleke hospitali, na ombeni akatwe kinyama.

Itaendelea wiki ijayo.