Utando Juu ya Bwawa la Samaki

Wewe uliyechimba bwawa la perege karibu na nyumba yako, nenda ukalitazame alfajiri. Je, samaki wamekuja juu, wakipanua midomo? Je, juu ya maji pana utando unaong'aa kama mafuta? Basi usingoje. Samaki hao wanakosa hewa, na kitoweo cha watoto wako ki hatarini.

Usiku mimea ya majini nayo hutumia hewa, kwa hiyo alfajiri hewa huwa chache kabisa. Utando ukifunika maji, hewa mpya huingia kwa shida.

Kwanza ujue ni utando gani. Uchokoe kwa kijiti. Ukivunjika vipande visivyoungana tena, kwa kawaida ni kazi ya vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyostawi penye uozo au penye udongo wenye chuma. Ukiungana tena mara moja, ni mafuta, tafuta yanakotoka.

Uozo huletwa na pumba nyingi, samadi nyingi, na majani. Sisi wa Tabora twaipenda miembe. Mingine ilipandwa zamani za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, wapagazi wakapata kivuli. Lakini mwembe ulioinamia bwawa huangusha majani na kuzuia upepo. Punguza matawi yake.

Kuuondoa utando si kazi kubwa. Watu wawili washike kamba, kila mmoja ukingo wake, waiburute polepole juu ya maji. Utando ukikusanyika pembeni, uchote kwa kata. Penye maji machache, tandaza gazeti kuukuu juu yake, kisha uliinue, utando utanata. (Lakini ulisome kwanza!) Halafu mimina maji safi kutoka juu, yaanguke kwa kishindo, maana ndivyo yanavyochukua hewa.

Acha samadi na chakula mpaka samaki watulie. Baadaye tumbukiza mkono hadi kiwiko: usipoona kiganja, usiongeze samadi.

Wala usimwage mafuta ya taa ili kuua mbu. Utawadhuru samaki, na perege wenyewe hula viluwiluwi vya mbu.

Ndugu, kuondoa utando ni kazi ya asubuhi moja; kuondoa chanzo chake ni kazi ya kila siku. Mungu ametukabidhi viumbe vyake tuvitunze. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.