Panya Wangu Mvuvi

Usifunue ukurasa huu kwa kinyaa. Najua kwamba hapa kwetu Dunga mtu akitaja panya, neno linalofuata ni "sumu" au "paka". Na ni haki. Nyanya yangu huuza omena karibu na ufuo, na mara si moja ameamka alfajiri akakuta gunia limetobolewa na omena wametapakaa chini. Wavuvi nao wana kilio chao, kwani wavu ulioachwa na harufu ya samaki hutafunwa usiku mmoja tu. Sasa hebu fikiria uso wa nyanya siku ile ya likizo ya Agosti nilipoingia nyumbani nikiwa nimebeba kizimba chenye panya wawili!

"Wewe, mjukuu wangu, ni nani amekuroga?" aliniuliza.

Hawakuwa panya wa darini, jamani. Walikuwa panya weupe wa maabara, uzao wa yule panya wa kahawia ambaye wanasayansi humwita Rattus norvegicus. Walibaki baada ya somo la Bayolojia, na mwalimu alikuwa amesema waziwazi kwamba wasipopata wa kuwatunza, muhula ukifunguliwa watapasuliwa darasani kama wenzao. Nikajitolea. Nikawapa majina, Pamba na Chaki, wote madume.

Kosa langu lilianza siku ya kwanza. Nilidhani kumpenda mnyama ni kumshibisha, kwa hiyo bakuli lao lilijaa mchana na usiku. Kumbe! Wiki haikuisha kabla Chaki hajaanza kuguguna waya za kizimba tangu magharibi hadi asubuhi, halafu akageukia kumnyofoa Pamba manyoya ya shingoni. Pamba yeye alikuwa akila na kulala, akila na kulala. Jioni moja, kwa kumwonea huruma, nikampa siagi ya karanga, donge zima kwenye ncha ya kijiko. Ikamganda kooni. Panya hawezi kutapika, mwili wake haukuumbwa hivyo, na mimi sikulijua hilo. Alikufa mkononi mwangu kabla sijajua la kufanya. Nyanya hakunicheka. Alinipa kipande cha leso kuukuu nimfungie.

Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma, na hayo niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuwaeleza wenzangu mnaofuga panya au sungura.

Kwanza, panya ni mtafutaji. Porini hutumia saa nyingi za usiku akinusa, akichimba, akibeba na kuficha. Ukimwekea chakula bakulini unamtoa njaa, lakini unamnyima kazi yake. Mwaka 1963 mtafiti mmoja wa Marekani, Glen Jensen, aliwajaribu panya 200. Kila mmoja alikuwa na chakula cha bure ndani ya kikombe, na pembeni kulikuwa na kijiti ambacho akikibonyeza, chakula kingine kilekile kinaanguka. Wengi wao waliendelea kubonyeza ingawa kikombe kilikuwa kimejaa! Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka Chaki na zile waya zake. Hakuwa na njaa. Alikuwa mnyama asiye na kazi.

Mfano wa pili uko hapa hapa Afrika Mashariki, kule Morogoro, Tanzania. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likiwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limekuwa likifunza panya buku. Huyu si ndugu wa karibu wa Chaki, kwani ni mkubwa, hupita kilo moja na huweza kuishi miaka minane, hali panya mweupe huishi miwili au mitatu. Lakini namna ya kumfunza inatuhusu sote. Husikilizishwa mlio mdogo, "tik!", kisha hupewa kipande cha ndizi au karanga. Akishajua kwamba mlio ni ahadi ya chakula, hufunzwa kunusa harufu ya baruti ya mabomu yaliyozikwa ardhini. Kwa kuwa ni mwepesi, bomu halimlipukii. Kiwanja sawa na uwanja wa tenisi hukikagua kwa nusu saa hivi, kazi ambayo mtu mwenye mashine ya kutambua chuma huweza kuifanya kwa siku nne. Wengine hunusa makohozi ya wagonjwa ili kugundua kifua kikuu. (Na jua likiwa kali hupakwa mafuta ya kuwakinga masikioni na mkiani. Nyanya hakuamini hata kidogo.) Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alifariki Januari 2022. Yote hayo kwa vipande vya ndizi!

Kilichonigusa ni udogo wa kile kipande. Chukua kalamu upige hesabu. Chaki ana gramu 400. Mtu wa kilo 60 ni mzito mara 150 kuliko yeye. Basi karanga moja kwake ni kama karanga 150 kwako wewe. Na donge langu la siagi lilikuwa nini kwa Pamba? Siku hizi chakula chote cha Chaki kwa siku ni gramu 15 hadi 20, na vitamu hukatwa vidogo kama punje ya mtama.

Sasa tuje kwenye michezo. Nimejaribu mingi, na mmoja umeishinda yote, nao ni uvuvi. Chukua karai au sahani pana, tia maji safi ya kina cha vidole viwili, si zaidi, kisha tupia minji kumi. Siku ya kwanza Chaki alizunguka karai dakika nzima akinusa ukingo. Akatumbukiza mkono, akautoa, akaukung'uta kama paka. Mara ya tatu akaingiza pua mpaka machoni, akaibuka na minji mdomoni, akakimbilia pembeni akaketi kuimenya ganda kwa mikono yote miwili. Halafu akarudi. Walahi nilicheka peke yangu. Maji yawe ya uvuguvugu siku za baridi, na ukimaliza umpe kitambaa, maana panya aliyelowa huugua upesi.

Mingine nitaipitia haraka. Kile kibomba cha katikati cha karatasi ya choo, tia omena wawili waliokaushwa bila chumvi, kunja ncha zote mbili. Atakirarua mpaka awapate. Gunzi la hindi lililokauka, pachika punje za mtama uliochemshwa kwenye vitundu vyake. Beseni la majani makavu, nyunyiza mtama humo ajichimbie. Mafunjo tunayo tele huku kwetu. Kipande kikavu cha bua lake ni kizuri cha kuguguna, na panya lazima agugune kwa sababu meno yake ya mbele hayaachi kukua mpaka siku ya kufa. Ila usithubutu kumning'inizia kitu kwa uzi wa nailoni wa wavu mkuukuu, hata kama umejaa kila mahali ufuoni. Uzi ule humzonga vidole na kukata damu isipite. Tumia kamba ya makonge au ukili.

Jambo jipya usilazimishe. Panya ni mwoga wa chakula asichokijua. Huonja kidogo kisha husubiri. Mruhusu asubiri.

Kuna vyakula ambavyo usimpe kamwe. Maharagwe mabichi na muhogo mbichi vina sumu. Viazi vilivyogeuka kijani vivyo hivyo. Maganda ya machungwa usiwape madume, kwani yana mafuta yanayodhuru figo zao. Chochote kinachonata, basi mimi nimeshasema ya kwangu. Kisha kuna mahindi na karanga zenye ukungu, na hapa nawaomba tusikilizane vizuri, kwa sababu nimewasikia wengine wakisema "ah, hizi zimeharibika, tuwape panya." Sumu ya ule ukungu, aflatoksini, haichagui. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 upande wa Makueni, Kitui na jirani zao. Kisichokufaa wewe hakimfai panya.

Na tafadhali, asitoke mtu akashika panya wa mtaani ati anataka kumfunza kuvua. Wale hubeba magonjwa. Hata wa maabara, ukimshika nawa mikono kwa sabuni.

Muhula ulipofunguliwa nilimrudisha Chaki shuleni, moyo ukinidunda, nikiwa na karai mkono mmoja. Nikamwomba mwalimu dakika kumi. Darasa zima lilisimama juu ya viti. Chaki alivua minji saba, ya nane ikamponyoka, akaifuata mpaka akaanguka majini. Mwalimu alitazama kimya, kisha akauliza zamu ya kusafisha kizimba ataishika nani siku za Jumamosi. Tulijitokeza sita. Panya hapendi kuishi peke yake, kwa hiyo Chaki sasa yuko na wenzake wawili wachanga, na manyoya hayanyofolewi tena.

Nyanya bado hampendi. Lakini kila nikitoka nyumbani kurudi bweni, pembeni ya begi langu hukuta kifuko cha karatasi chenye omena kidogo, waliochaguliwa mmoja mmoja, bila chumvi.