Simu Nzima, Mwendo wa Kobe

Mtu ana simu nzima, haikuanguka wala haikulowa, lakini imekuwa nzito kama punda mgonjwa. Kwa nini? Betri ikizeeka hushindwa kutoa umeme mwingi kwa ghafula, na simu huzimika. Mwaka 2017 Apple, kampuni ya Marekani, ilikiri kwamba programu yake ilipunguza mwendo wa iPhone zenye betri chakavu, ili zisizimike. Sababu ilikuwa ya kweli. Lakini mbona wenye simu hawakuambiwa? Wengine walinunua simu mpya, kumbe kubadili betri kwa dola 79 kungetosha! Mwaka 2018 bei hiyo ilikuwa dola 29. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza kampuni faini ya euro milioni 25 kwa kunyamaza kule. Haya, fungueni madaftari, mwandike: betri, chakavu, faini.